Kipande Namba Kumi na Saba

Bwenini, 4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii umeketi, maana ukisoma umesimama utaanza kazi nyingine katikati na utanijibu nusu. Mimi ni mzima. Dirisha la chumba chetu bado halifungiki, na mwenzangu wa kitanda cha pili bado anaimba kila akipiga pasi. Baba amenieleza kwenye simu kwamba masikio yako hayajarudi, na kwamba kile kifaa ulichopewa hospitali umekitia kabatini kwa sababu kinakupigia mluzi. Basi tutaandikiana. Nami naona ni heri, maana kwenye simu ulikuwa unapaza sauti hadi jirani zangu wote wakajua alama zangu za mtihani.

Uliuliza watu wakikuuliza kazi yangu ujibu nini. Haya. Wewe kwenye beseni lako una chuma, una maji ya dawa, una umeme. Chaji inavuka kati ya chuma na maji, na nikeli inakaa juu ya bomba la mtu. Chuma hakina maringo, ukikifungulia umeme unapita. Mimi natumia kitu kinachoitwa nusu-kipitishi, ambacho kikiwa gizani hakipitishi karibu chochote. Ukikimulika, mwanga unaing'oa elektroni mahali pake na kuacha tundu. Elektroni inakimbilia nyuma kwenye waya. Tundu linakuja usoni, na pale usoni, panapogusana na maji, linayanyang'anya maji elektroni. Huo unyang'anyi ndio ninaoupima mchana kutwa. Tukiuelewa vizuri, siku moja jua litatupasulia maji tupate gesi ya kuwasha jiko.

Nusu-kipitishi chetu ni utando wa njano, oksidi ya madini yale ya uzi wa balbu za zamani, umepakwa juu ya kipande cha kioo kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Vipande vyote huandaliwa na fundi wa maabara, ambaye sote tunamwita Fundi Taratibu, hata Profesa. Ana miaka ishirini na miwili hapa. Anaunga waya wa shaba ukingoni, anaziba ungio kwa gundi ngumu, tabaka la kwanza, siku inapita, tabaka la pili, siku inapita, ndipo akupe. Ukimharakisha anakuuliza, "Kwani kuna mgonjwa?" Katikati ya Januari alifiwa na dada yake akaondoka wiki nzima, tukabaki kama yatima.

Sasa habari yenyewe, shangazi. Kipande namba kumi na saba kimetoa mkondo wa umeme mara nne ya vingine vyote! Profesa aliizunguka meza mara mbili. Mwezi wa nne nitasimama mbele ya mkutano wa wataalamu kueleza. Mwambie baba, ila usimwambie kwa kelele.

Mwanao,
Kiherehere


Karakanani, 26 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Nimeketi, tena juu ya ndoo, maana kiti kimeliwa na asidi. Huku hatujambo. Mke wa kaka yako amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ambayo hata mimi naisikia. Baba yako nilimpelekea barua yako pale kwenye lango la kiwanda cha mbao anakoandika namba za magari. Nilimwambia apite karakanani tunywe chai, akasema atapita. Unajua mwenyewe hapiti.

Nimeielewa kazi yako. Kumbe na wewe ni mtu wa beseni, ila lako linataka taa. Nimemwambia mteja mmoja kwamba mwanangu anayanyang'anya maji elektroni, akaniangalia akachukua bomba zake akaenda.

Lakini, mwanangu, hiyo mara nne. Mimi nikitoa trei ya mabomba ishirini, halafu bomba moja likang'aa kuliko wenzake, sishangilii. Naliweka pembeni nalikagua. Kwa hiyo nijibu mambo mawili tu. Ulipozima taa mwishoni, mkondo ulikufa? Na maji yalikuwa na rangi gani baada ya kazi? Kipimo huweza kudanganya, na fundi ndiyo usiseme. Maji mimi hayajanidanganya bado.

Kula vizuri. Picha uliyotuma una shingo ya kuku.

Shangazi yako, mwenye masikio ya pambo


Bwenini, 17 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Samahani nimechelewa, tumebanwa na maandalizi. Shingo yangu haina tatizo, ni mwanga wa picha.

Nakujibu. Gizani kipande kilipitisha karibu sifuri. Tulipima mwanzoni kabla ya kuwasha taa, kama utaratibu unavyotaka. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kila kitu kimeandikwa, na daftari linaonyesha kwamba kilizibwa na Fundi Taratibu mwenyewe, kwa hiyo kazi ni safi. Kuna watu wa maabara nyingine wameandika kwamba wao hawapati mkondo kama wetu, lakini hiyo ni kawaida, kila mtu na mkono wake.

Mvua imeanza hapa. Mwenzangu amebadilisha wimbo, lakini si sauti. Msalimie baba.

Mwanao


Karakanani, 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto ameanza kutabasamu. Mengine baadaye.

Sikuuliza daftari linaonyesha nini. Sikuuliza habari ya mwanzoni, nimeuliza mwishoni. Na habari ya rangi ya maji umeiruka kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na viatu vipya. Wewe nimekulea pembeni ya beseni tangu mikono yako haifiki mezani. Ukiwa na neno ulikuwa unalisema hata nikiwa nimefumba macho kwa usingizi. Safari hii umeniandikia nusu ukurasa, na robo yake ni mvua.

Tena ulisema fundi wenu alikuwa msibani wiki nzima katikati ya Januari. Hicho kipande kilizibwa lini?

Maji yalikuwa na rangi gani?

Shangazi yako


Bwenini, 29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto azidi kutabasamu.

Mkutano ulikwenda vizuri. Ukumbi ulikuwa na viti vyekundu na kipaza sauti kilikuwa kirefu kuliko mimi, wakaja kukishusha, watu wakacheka, nami nikacheka. Walipiga makofi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama anaweza kuazima kipande akakipime kwake. Profesa akakubali pale pale.

Wiki mbili baadaye kikarudi kimefunguliwa. Waya wa shaba ulikuwa umeliwa chini ya zibo. Maji yalipenya yakaugusa, shaba ikawa inayeyuka, na mkondo mkubwa tulioushangilia ulikuwa wa shaba, haukuwa wa mwanga. Profesa alituita sote kwenye chumba cha vipimo, akauliza nani alikiziba, akafungua daftari. Kwenye safu ya zibo kuna herufi za jina la Fundi Taratibu. Amepewa barua ya kupumzika nyumbani, na inasemekana harudi, watamstaafisha kabla ya wakati wake. Aliondoka na koti lake la kazi mkononi.

Mimi sikusema kitu. Hakuna aliyeniuliza.

Hapa baridi imeanza. Nimenunua soksi.

Mwanao


Karakanani, 14 Mei

Mwanangu,

Hakuna aliyekuuliza? Ebo! Mimi nimekuuliza mara mbili, kwa wino.

Nilianza barua hii kwa kukufokea. Nilijaza kurasa mbili, tamu kweli kweli, ungelia. Halafu nikaenda kuosha trei, na mikono ikiwa majini nikajiona mwenyewe, nikarudi nikazichana. Sina haki ya kukufokea. Nitakueleza kwa nini, na naomba usinikatize, ingawa najua kwenye barua huwezi.

Unajua baba yako alikuwa fundi hapa kabla yako. Mdogo wangu alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Mwaka ulipozaliwa tulipata kazi ya mabomba mia mbili ya jengo jipya la ofisi, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Unajua utaratibu: kabla ya nikeli, kila trei lazima ipite kwenye beseni la kutoa mafuta, vinginevyo nikeli inakaa juu ya grisi kama ngozi ya maziwa. Trei ya mwisho ilikuwa yangu. Nilikuwa nawahi kupimwa nguo ya harusi ya rafiki, kitambaa cha bei, rangi ya zambarau, naikumbuka hadi leo. Beseni la mafuta nikaliruka. Nikasema moyoni, mabomba yanaonekana masafi.

Miezi mitatu baadaye msimamizi wa jengo alikuja na bomba moja kwenye mfuko. Nikeli ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu. Akauliza mbele yetu sote, na mimi nikamtazama usoni nikasema, "Mdogo wangu alisahau beseni la mafuta." Hivyo tu. Ilitoka kama mate. Baba yako aliitazama mikono yake, halafu akasema, "Labda." Siku ile tulikuwa tumepitisha trei nyingi, mtu hawezi kukumbuka kila moja. Kabla ya mwezi kwisha aliacha kazi. Hajaingia tena karakanani, na wewe na kaka yako mmekua mkimcheka kwamba anazima jiko halafu anarudi mara tatu kuhakikisha limezimika. Mimi pia nimecheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Sijawahi kumwambia mtu. Miaka ishirini na minne, mwanangu, na kila nikimpelekea chai pale langoni ananiambia asante dada. Aibu niliyonayo ni ya kutamani ardhi ipasuke, lakini ardhi haipasuki, nami nimebaki hapa juu ya ndoo.

Sasa nakuuliza kwa mara ya tatu, na sikuulizi kama mkubwa wako. Nakuuliza kama mwenzako.

Shangazi yako


Bwenini, 8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Yalikuwa ya buluu.

Yalikuwa ya buluu kidogo, kama maji ya kusuuzia mashati meupe. Niliyaona siku ile ile. Niliyamimina kwenye sinki nikafungulia bomba hadi yakaisha, na nilikuwa naangalia mlango.

Kipande nilikiziba mimi. Fundi alikuwa msibani, zamu yangu ya mashine ilikuwa kesho yake, na gundi yake ingenitaka siku mbili. Nikachukua chupa ya rangi ya kucha ya mwenzangu, ile isiyo na rangi, nikapaka mara moja, ikakauka kabla sijamaliza chai. Kwenye daftari nikaandika herufi zake. Nataka kukwambia ni mazoea tu, kwamba safu ile huandikwa herufi zake siku zote, na mkono ulikwenda wenyewe. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini mkono hauendi wenyewe, shangazi. Niliandika za kwake kwa sababu niliogopa kuandika zangu.

Mwanzoni gizani mkondo ulikuwa karibu sifuri kweli. Nilipowasha taa ukapanda, ukaendelea kupanda saa nzima, kwa sababu joto la taa lilikuwa linailegeza rangi ya kucha na maji yanaingia. Mwisho nikazima taa. Ulitakiwa ushuke pale pale. Haukushuka. Nilikaa naangalia ule mstari kwenye skrini umenyooka, taa imezimwa, na nikasema labda mashine inachelewa. Halafu nikakata dakika zile za mwisho kwenye mchoro. Hakuna anayeonyesha dakika za mwisho, nikajiambia. Basi ndiyo jibu la swali lako la kwanza, nimekuja nalo baada ya miezi mitatu na nusu.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za bweni, sikuweza kupanda wala kushuka. Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwa Profesa. Nilisema yote bila kuketi. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu, akauliza jambo moja tu: "Na Fundi alikuwa pale pale mbele yako nilipouliza?" Nikasema ndiyo. Akaiweka kalamu chini. Makala yetu ya mkutano imeondolewa, na sababu itachapishwa pamoja na jina langu. Mashine sitaigusa kwa mwaka mzima, naosha bika, vile vyombo vya kioo vya maabara. Nilitegemea kufukuzwa kabisa na nikaona hiyo ingekuwa nafuu.

Profesa alisema atampigia Fundi simu. Nikaomba niende mwenyewe kwanza. Anakaa mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya mlango wa kijani, na kwenye kibaraza alikuwa anatengeneza mguu wa meza. Mke wake akaniletea kiti. Nikakataa kiti. Nilisema, "Fundi, ni mimi niliyeziba kumi na saba, kwa rangi ya kucha, nikaandika herufi zako." Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, kwa matusi, hata kwa kibao. Akaendelea kupiga msasa. Kisha akasema:

"Najua. Gundi yangu ina rangi ya asali. Ile haikuwa na rangi. Mkono wangu naujua."

Nikauliza, kwa nini basi hakusema.

"Nilisema. Nilisema si kazi yangu. Profesa akanionyesha daftari. Nikakutazama wewe, ukageuka ukatazama dirisha. Nikajua unajua. Sasa mtu wa umri wangu nianze kugombana na mtoto mbele za watu? Nikachukua koti."

Shangazi, sina pa kuuweka uso. Ningeona nafuu kama angenifokea. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kile kiti, hajui akirudishe ndani au akiache. Nilipiga magoti nikaomba msamaha, na Fundi akasema, "Inuka, unachafua nguo." Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kuuliza tena.

Amerudi kazini Jumatatu. Wenzetu walimpigia makofi akiingia, mimi nikiwa kwenye sinki. Kwangu anasema mambo ya kazi tu, pitisha koleo, funga kabati. Siku iliyofuata aliniwekea mbele vioo kumi na gundi yake, akasema, "Ziba." Siku moja kwa kila tabaka, na yeye anapita anaangalia. Amekataa tisa. Cha kumi amekigeuzageuza kwenye mwanga, akakiweka mfukoni. Sijui maana yake. Nitaziba vingine.

Kwa baba sijasema neno, kwa sababu hilo si langu. Lakini nilipokuwa nashuka kutoka kwa Fundi nilikuwa namfikiria baba njia nzima. Fundi angalau aliijua gundi yake. Alikwenda nyumbani akijua. Baba je, shangazi? Yeye alisema "labda".

Mwanao


Karakanani, 27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Mtoto ameota jino la kwanza na ameanza kumng'ata mama yake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Umefanya jambo gumu ukiwa na umri mdogo, na umenitangulia, nami ni mtu mzima mwenye mvi. Nimekaa nayo siku nane. Siku ya kwanza nilisema nitamwambia Jumapili. Jumapili nikasema yuko na wageni. Unaona tunavyotoka damu moja.

Jana nikafunga karakana saa nne asubuhi, mchana kweupe, wateja wakashangaa. Nikaenda langoni. Baba yako alikuwa kwenye kile kibanda chake, ana kalamu sikioni, lori limetoka tu. Sikubeba chai, nikajua nikiishika chai nitazungumza habari ya chai. Nikasimama mbele ya kidirisha nikasema. Unajua mimi sasa sijui nasema kwa sauti gani, na nadhani nilipaza, maana wapakiaji wa mbao walisimama wote. Nikasema trei ya mwisho ilikuwa yangu. Nikasema habari ya ile nguo. Nikasema, nilidanganya, na wewe hukuwa na kosa lolote, mdogo wangu, na nimekutazama unalibeba miaka ishirini na minne.

Akasema neno. Sikulisikia. Nikamwomba arudie, akarudia, na midomo yake ilikuwa inatetemeka nikashindwa kuisoma pia. Nikaweka mkono sikioni kama mwehu. Nilifikiri ananilaani, na nilitaka nilisikie vizuri, maana ni haki yangu. Mwisho akatoa ile kalamu sikioni, akachana kipande cha karatasi ya magari, akaandika, akanisukumia chini ya kidirisha. Halafu akakaa akanitazama akingoja jibu, kama mtoto anayengoja matokeo.

Nimekukunjia karatasi yenyewe humu ndani, maana mimi siwezi kukaa nayo nyumbani. Utaona mwandiko wake, ameandika juu ya mistari ya namba za magari:

"Kwa hiyo, dada, sikusahau?"

Shangazi yako